Mkono Hauna Cheti cha Kuzaliwa

Zamu ya historia wiki hii imetuangukia sisi wa upande wa michezo, na tumechagua swali ambalo wasichana wetu wa softiboli wanatuuliza kila Jumamosi kabla hata ya kuvaa glavu: "Kaka, lini mtatufundisha mpira wa kupinda?" Wameona video kwenye simu. Mpira unakuja katikati, halafu unakata kona, mpigaji anapiga hewa. Wanautaka ule. Nani asingeutaka?

Sisi tunajibu "bado", na wao wanauliza "bado mpaka lini?" Hapo shida inaanza, juu jibu la vitabu ni namba ya miaka, na sisi wakimbizi tunajua vizuri namna miaka yetu inavyoandikwaga.

Kwa wale ambao hawajawahi kuja uwanjani: softiboli ni ndugu wa besiboli. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja, anamrushia mdakaji, na katikati yao kuna mpigaji mwenye gongo. Kwenye besiboli mkono unatoka juu ya bega. Kwenye softiboli unatoka chini, karibu na nyonga, na mpira wenyewe ni mkubwa zaidi. Mengine mtajifunza mkija.

Mchezo huu ulizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi wa klabu inayoitwa Farragut Boat Club. Vijana walikuwa wanasubiri matokeo ya mpira kati ya vyuo vya Harvard na Yale. Mmoja akarusha glavu ya ngumi, mwingine akaipiga na kijiti, na George Hancock, aliyekuwepo pale, akaifunga ile glavu kwa kamba ikawa mpira. Kwa hiyo msiwacheke watoto wa Katwe wanaofunga matambara na kaveera kuwa mpira. Mchezo wote ulianza hivyohivyo. Jina la softball lenyewe lilikuja baadaye sana, mwaka 1926, likiletwa na Walter Hakanson wa YMCA ya Denver.

Ulikuwa mchezo wa kujifurahisha wakati wa baridi. Lakini mrushaji wa kwanza mwenye hasira akishapatikana, mchezo hauwi wa kujifurahisha tena. Warushaji waligundua kwamba mkono ukizunguka mzunguko mzima, kama kinu cha upepo, mpira unatoka na kasi ya kutisha. Mwaka 1961, mjini Waterbury, Connecticut, dada mmoja anayeitwa Joan Joyce alisimama kumrushia Ted Williams, ambaye Wamarekani wengi wanamhesabu kati ya wapigaji bora wa besiboli waliowahi kuishi. Williams alishindwa. Alikuwa amestaafu mwaka mmoja tu kabla, si mzee wa mkongojo, na bado mpira wa Joyce ulimpita. Hadithi hii wasichana wetu wanaipenda kuliko zote, na tunairudia hata wasipoomba.

Sasa, pamoja na kasi ikaja imani moja iliyodumu muda mrefu: kwamba kurusha kutoka chini ni kitu cha asili, mkono wa softiboli hauchoki, hauumii, unaweza kurusha asubuhi mpaka jioni. Imani hii ndiyo iliyofanya watu wasijali sana mtoto anafundishwa nini na lini. Kwenye besiboli watu waliogopa viwiko vya watoto wa kiume. Kwenye softiboli walisema, ah, hawa wasichana wanarusha tu toka chini, hakuna shida.

Mfano mkubwa wa imani hiyo ni Yukiko Ueno wa Japani. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alirusha mechi mbili nzima siku moja, tarehe 20 Agosti, mipira 318. Kesho yake akarudi akarusha fainali, mipira 95. Jumla 413 kwa siku mbili, na Japani ikaifunga Marekani 3-1 ikachukua dhahabu. Ni kazi ya ajabu, tunaivulia kofia. Lakini Ueno alikuwa na miaka 26, mwili umekomaa, nyuma yake miaka mingi ya mazoezi yenye mpango. Makocha wengi wanataja ile 413 wanasahau hii 26. (Na huyohuyo Ueno alikuwepo tena Tokyo mwaka 2021, akiwa na miaka 39, akachukua dhahabu nyingine. Mkono uliojengwa polepole unakaa.)

Kumbe wataalamu walikuwa wameshaanza kuitilia shaka ile imani. Waliwapima warushaji wa softiboli kwenye Olimpiki ya Atlanta ya 1996, mara ya kwanza mchezo huu kuingia Olimpiki. Wakakuta kwamba mkono ukizunguka, nguvu inayolivuta bega kama inataka kuling'oa inafika karibu asilimia 80 ya uzito wa mwili wa mrushaji. Fikiria msichana wa kilo 50: kila mpira, bega lake linavutwa kama mtu amening'iniza pale mabido mawili ya maji ya lita 20. Kila mpira. Asili gani hiyo?

Mwaka huohuo wa 1996, upande wa besiboli Marekani, madaktari na makocha walitoa orodha ya umri. Mnaweza kuiona mpaka leo imebandikwa kwenye kurasa nyingi za makocha. Mpira wa kasi, miaka 8. Mpira wa kupunguza mwendo, yaani ule ambao mkono unazunguka kwa nguvu ileile lakini mpira unatoka polepole na kumdanganya mpigaji, miaka 10. Mpira wa kupinda, miaka 14. Slaida, miaka 16. Mpira wa skurubu, ule unaopinda kwa upande wa kinyume, miaka 17.

Hii orodha tumeisoma sana, na tunataka muielewe ni nini na si nini. Haikutoka kwenye kipimo cha maabara. Yalikuwa maoni ya wataalamu walioulizwa, na wenyewe waliweka nafasi ya kupanda au kushuka miaka miwili mitatu. Pili, iliandikwa kwa watoto wa kiume wa besiboli, wanaorusha toka juu. Wasichana wanakomaa mapema kuliko wavulana, na mkono wa kinu cha upepo unaumia mahali pengine, zaidi bega la mbele na misuli ya mkono wa juu. Tatu, na hili ndilo letu, inachukulia kwamba mtoto alianza kurusha akiwa na miaka 8 na kwamba tarehe yake ya kuzaliwa inajulikana.

Mwaka 2002 ulitoka utafiti mwingine, wa warushaji 476 wa besiboli wenye miaka 9 mpaka 14, waliofuatiliwa msimu mzima. Nusu yao walipata maumivu ya kiwiko au bega. Waliorusha mpira wa kupinda walikuwa na hatari ya maumivu ya bega iliyozidi kwa asilimia 52, na waliorusha slaida hatari ya maumivu ya kiwiko ilizidi kwa asilimia 86. Wazazi wakashtuka, makocha wakashika zaidi ile orodha. Lakini utafiti huo pia ulisema kitu ambacho watu walikipita haraka: idadi ya mipira mtoto anayorusha nayo inaleta maumivu. Halafu 2011 wakatoka waliofuatilia watoto kwa miaka 10, wakaona aliyerusha zaidi ya vipindi 100 kwa mwaka alikuwa na hatari ya kuumia vibaya mara 3.5 zaidi. Kuhusu kuanza mpira wa kupinda kabla ya miaka 13, walishindwa kuthibitisha kwamba peke yake unaharibu.

Yaani jambo liligeuka. Tulidhani adui ni aina ya mpira, kumbe adui mkubwa ni wingi wake. Ligi ya watoto ya besiboli ya Marekani, Little League, ilikuwa imeshaweka hesabu ya mipira tangu 2007: mtoto wa miaka 11 au 12 akifika 85 anapumzika. Softiboli haikuwekewa hesabu ya namna hiyo. Ile imani ya "mkono hauchoki" bado inatembea.

Turudi nyumbani, Kampala. Juu ya umri, nchi hii ina historia yake kwenye michezo hii, na inauma. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala ilishinda mashindano ya eneo lake ikawa ya kwanza kutoka Afrika kupata tiketi ya mashindano ya dunia ya Little League, kule Williamsport, Pennsylvania. Hawakwenda. Wamarekani walikataa viza, wakasema karatasi za umri za baadhi ya watoto hazilingani. Nafasi yao ikachukuliwa na timu ya Saudi Arabia. Wale Wakanada wa Langley ambao wangecheza nao mechi ya kwanza hawakusahau. Januari 2012 walipanda ndege wakaja Uganda kuicheza ile mechi iliyokosekana. Na Agosti ya 2012 timu ya Lugazi ilifika Williamsport kweli, ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, ikaondoka na ushindi mmoja, 3-2 dhidi ya watoto wa Gresham, Oregon. Mwaka 2015 Uganda ilirudi tena.

Hatusemi nani alikuwa sahihi kuhusu zile karatasi. Tunachosema ni kwamba mtoto anaweza kurusha mpira vizuri kuliko watoto wa nchi nyingi na bado akasimamishwa na namba iliyoandikwa kwenye fomu. Mzazi wa kijijini anayekumbuka kwamba mtoto alizaliwa wakati wa mavuno, mwaka wa mvua nyingi, hasemi uongo. Anasema ukweli ambao fomu haina mahali pa kuuandika.

Sasa sisi je? Sisi ndio mabingwa wa mambo hayo. Jumamosi moja tuliwaomba wasichana 19 waseme siku yao ya kuzaliwa kulingana na karatasi. Kumi na mmoja walisema tarehe 1 Januari. Walicheka sana, wakaimbiana "happy birthday" palepale. Kila mkimbizi anajua kwa nini. Ukifika mpakani bila cheti, umekimbia usiku, mama anahesabu kwa vidole nani alizaliwa kabla ya vita gani, anayeandika anaweka mwaka, halafu mwezi wa kwanza, tarehe moja. Sisi tunaojitolea kule makambini tumekaa kwenye zile foleni, tumeona. Wengine walipunguziwa mwaka ili waingie darasa fulani, wengine walijikuta wameongezewa kwa sababu walikuwa warefu.

Kwa hiyo kocha akisema "mpira wa kupinda ni miaka 14", sisi tunauliza: 14 ipi? Tuna wasichana wawili ambao karatasi zinasema wote wana 14. Mmoja ameshavunja ungo zamani, mabega yamefunguka, na ameanza kurusha mwaka huu tu. Mwingine ni mdogo kama kijiti, bado anakua kila mwezi viatu vinambana, lakini ameshika mpira tangu akiwa Nakivale na mkono wake una akili. Orodha inasema wote wawili tayari. Sisi tunasema hakuna hata mmoja aliye tayari, kila mmoja kwa sababu yake. Wa kwanza ana mwili lakini mkono hauna miaka. Wa pili ana miaka ya mkono lakini mifupa bado inakimbia.

Hapa ndipo tumebishana sana kwenye kundi, na tutawaambia ubishi wote, hatutauficha. Wenzetu wengine walisema: "Ninyi mnaongea kama watu wenye muda. Huyu msichana wiki ijayo anaweza kuitwa interview ya resettlement. Yule ada ikikosekana anarudishwa kambini kwa shangazi. Mfundisheni kila kitu sasa, aondoke nacho." Ni hoja nzito. Maisha yetu hayana msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tunapanga kwa wiki.

Wengine wakaleta mfano wa vijana wa Uganda waliosaini Marekani. Mwaka 2022 Ben Serunkuma na Umar Male walisaini na Los Angeles Dodgers, na mwaka uliofuata David Matoma akasaini na Pittsburgh Pirates. "Mnaona? Wangengoja-ngoja wangefika?" Lakini mfano huo ukiutazama vizuri unasema kinyume. Matoma alijulikana kwa mpira wa kasi, unaozidi kilomita 150 kwa saa. Mpira wa kwanza kabisa ambao mtoto anafundishwa ndio ukamfungulia mlango. Mpira wa kupinda unafundishika ukubwani. Msingi wa mkono ukishaenda vibaya utotoni, kuurekebisha ni kazi mara mbili.

Basi tulipofika ni hapa. Tumeacha kuuliza mwaka wa kuzaliwa. Tunauliza mkono umefanya nini. Mpira wa kasi ukiingia kwenye glavu ya mdakaji pale alipoiweka mara 7 kati ya 10, Jumamosi tatu mfululizo, tunaongea. Kabla ya hapo hatuongei, hata ukilia. Halafu tunauliza asubuhi ya Jumapili bega liliamkaje, na hapo tunamwamini mama kuliko mtoto, juu mtoto anayetaka mpira mpya atasema haumwi. Na tunauliza amebeba nini wiki hii. Msichana wa Ndejje aliyechota maji kila asubuhi, akafua nguo za watu watano, mkono wake umeshafanya kazi kabla hajafika uwanjani. Vitabu vya Marekani havihesabu mabido. Sisi tunayahesabu.

Mpira wa pili ni ule wa kupunguza mwendo, na huu ndio jibu letu kwa wale wanaosema hatuna muda. Unaweza kufundishwa mapema, hata kwa aliye mdogo, kwa sababu hausokoti kiwiko. Mzunguko ni uleule, kinachobadilika ni namna ya kuushika mpira na namna unavyouachia. Unampumbaza mpigaji kuliko mpira wa kupinda ulionusu. Msichana akiondoka kesho kwenda Norway au kurudi Kyaka, akiwa na mpira wa kasi na huu, ana silaha mbili za kweli mfukoni. Tunaona ni bora kuliko kuondoka na mipira mitano ambayo hakuna hata mmoja unaofika.

Wa tatu ni wa kushuka, ambao unafuata mwelekeo ambao mkono tayari unakwenda. Wa kupinda na wa skurubu vinangoja, wa skurubu zaidi, maana unakisokota kiwiko. Wa mwisho ni wa kupanda, ule unaoonekana kama unaruka juu mbele ya gongo. Kwa kweli haupandi, wanafizikia wameshaeleza: unaanguka kidogo kuliko jicho linavyotegemea, jicho linadanganyika. Lakini kuudanganya kunahitaji kasi kubwa na mpira uzungukie nyuma, na msichana asiye na kasi akiulazimisha anainamisha mgongo nyuma mpaka tunaogopa kumwangalia.

Kitu kimoja zaidi, ambacho makocha wageni wanakijua lakini wetu wengi hawajaambiwa. Mpira wa wasichana wadogo una mzunguko wa inchi 11, na wanarusha kutoka futi 35, kama mita 10 na nusu. Wakifika miaka 11 au 12 wanahamia mpira wa inchi 12 na futi 40. Baadaye futi 43, zaidi ya mita 13. Kila ukihama, mkono unaanza upya: mpira hauenei kwenye vidole, na umbali unakudanganya. Msimu wa kuhama si msimu wa mpira mpya. Kwetu sisi hili ni gumu zaidi kwa sababu mipira tuliyo nayo imechanganyika, ya 11 na ya 12 kwenye gunia moja, na mtoto anarusha uliomwangukia. Tumeanza kuitia alama kwa rangi ya kucha, nyekundu kwa mikubwa. Dada wa saluni ya Nsambya katuchangia chupa.

Wale wasichana wetu wawili wa miaka 14 ya karatasi: yule mwenye mabega tumempa mpira wa kasi tu mpaka shule zifungwe, na mipira 40 kwa siku, anahesabiwa na mdogo wake anayechora mistari kwenye vumbi. Alinuna wiki mbili. Yule mdogo ameanza wa kupunguza mwendo, na Jumamosi iliyopita aliwatoa wapigaji watatu mfululizo kwa huohuo, mmoja wao alizungusha gongo mpaka akakaa chini. Wa kupinda hajaanza. Bado anauliza kila wiki.

Jumamosi tunaanza saa tatu asubuhi, uwanja uleule. Wenye glavu ya mrushaji wa mkono wa kushoto, hata ya kuazima, tafadhali mtuandikie hapa chini, tuna mashoto wawili wanaovaa glavu kinyume.